Vikumbusho vya kompyuta kwenye wodi ya watoto: uzoefu wangu

Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa tunaoutumia wodi ya watoto una vikumbusho vingi, lakini mimi naupima kwa kimoja kuliko vyote: dozi ya pili ya sindano ya artesunate kwa mtoto mwenye malaria kali. Ya kwanza haisahauliki, maana mtoto anapopokelewa wote wako juu yake. Ya pili inaangukia zamu nyingine, wauguzi wawili na wodi imejaa. Hapo mfumo unasaidia kweli. Dakika 30 kabla ya muda, jina la mtoto linapanda juu ya orodha pamoja na kiasi cha dawa, na haliondoki mpaka aliyechoma aweke saa aliyochoma.

Aweke saa aliyochoma, si saa aliyokaa kwenye kompyuta. Dawa ikitolewa saa 12 jioni na kuandikwa saa 2 usiku, mfumo unahesabu kuanzia saa 2. Dozi zinazotakiwa kutolewa mwanzo, baada ya saa 12 na baada ya saa 24 zinazidi kusogea mbele bila mtu kugundua.

Lugha nayo ina hatari yake. Kikumbusho chetu kiliandikwa “dozi ya pili saa 12”. Mtoto aliyeanza saa 4:40 asubuhi anatakiwa kuchomwa saa 4:40 usiku, ila anayesoma “saa 12” anaelewa machweo, na dawa inawahi kwa zaidi ya saa nne. Ombeni maandishi yataje wakati wenyewe: “mpe leo saa 4:40 usiku (22:40)”.

Chanzo kikubwa cha makosa, kwa niliyoyaona, ni uzito. Chini ya kilo 20 dozi ni mg 3 kwa kilo. Kuanzia 20 ni mg 2.4. Mtoto wa kilo 9.2 anahitaji mg 27.6, yaani karibu ml 2.8 za dawa iliyochanganywa kwa ajili ya mshipa (mg 10 kwa ml). Mfumo ukivuta uzito wa alipolazwa mara ya mwisho, tuseme kilo 7.1, unatoa mg 21.3: karibu robo ya dozi imepotea, na skrini haioneshi dalili yoyote ya kosa. Suluhisho ni kuzuia hesabu yoyote mpaka uzito wa leo uingizwe. Nukta ikirukwa, 9.2 inakuwa 92, kwa hiyo wekeni pia ukomo wa uzito kwa umri. Wahudumu wapya wa wodi waelezwe mapema kwamba mtoto wa kilo 19 hupata mg 57 na wa kilo 21 hupata mg 50.4, wengi hudhani kompyuta imekosea.

Kwa vichanga, hakikisheni umri unahesabiwa kwa siku. Mfumo unaohesabu miezi humwona mtoto wa siku 5 kuwa na “miezi 0”, na kikumbusho cha gentamisini (antibiotiki) kinaweza kumpa mg 7.5 kwa kilo badala ya 5, au 3 akiwa amezaliwa na uzito pungufu.

Kinachoniudhi ni wingi wa vikumbusho. Chanjo, vitamini A, dawa ya minyoo, joto la mwili, vyote kwa rangi nyekundu ileile. Baada ya wiki mbili vidole vinabonyeza “funga” kabla macho hayajasoma. Skrini ya kwanza ibaki na yale yanayoweza kuua leo: artesunate, antibiotiki, oksijeni ya damu iliyo chini ya asilimia 90, na sukari kwa mtoto anayedegedeka au asiyeweza kunyonya. Chanjo ziletwe siku ya kuruhusiwa, na zilinganishwe na kadi ya kliniki, maana tarehe za kuzaliwa za kukisia (1 Januari ni nyingi mno) hukifanya kikumbusho kidai chanjo isiyofika wakati wake.

Umeme ukikatika, vikumbusho vya muda wote wa giza vinamwagika pamoja unaporudi, na dozi zilizotolewa kwa karatasi zinaonekana hazijatolewa. Hapo ndipo mtoto anaweza kuchomwa mara mbili. Kila mwanzo wa zamu tunachapa ukurasa mmoja wa dozi za saa 12 zijazo na kuubandika kwenye meza ya dawa. Umeme ukirudi, mtu mmoja anaingiza kwanza yaliyoandikwa kwenye karatasi hiyo, na hakuna anayegusa bomba la sindano mpaka amalize.