Mashine tatu za kufulia katika nyumba moja ya Kikwajuni

Nyumba yetu ya Kikwajuni, mjini Unguja, ina watu tisa, na tangu mwaka 2003 imepitiwa na mashine tatu za kufulia. Ya kwanza ilikuwa Miele ya Ujerumani, yenye mlango wa mbele, ambayo marehemu shangazi aliileta kwa kontena ikiwa imeshatumika Ulaya kwa miaka mingi. Mbili zilizofuata zilinunuliwa mpya hapa mjini, moja mwaka 2017 na nyengine mwaka 2021. Ile kuukuu ilitufulia miaka 14. Ya pili haikumaliza miaka minne, na ya tatu ilianza kunguruma kabla ya kutimiza miaka mitatu. Hizo mbili sitazitaja kwa majina, kwa kuwa kasoro ninayoieleza hapa fundi wetu ameikuta katika mashine za chapa nyingi.

Siku Miele ilipofika, hamali wanne waliipandisha ngazi kwa tabu kubwa, kwani mashine za aina ile zilikaribia kilo 100. Uzito huo ulikuwa na kazi yake. Tangi lilifungiwa vyuma vizito vya kusubu ili lisirukeruke wakati wa kukamua, na beringi, zile pete za gololi zinazoliwezesha pipa la ndani kuzunguka, zilikaa katika msalaba wa chuma nyuma ya tangi, uliokazwa kwa bolti ambazo fundi yeyote mwenye spana aliweza kuzifungua. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1899, imekuwa ikitangaza kuwa mashine zake hujaribiwa kwa kiasi cha matumizi ya miaka 20, na kwa niliyoyaona nyumbani kwetu sina sababu ya kubisha. Katika miaka yote 14 tulibadilisha mkanda mara moja, kaboni za mota mara mbili na beringi mara moja.

Jambo lililonifanya niipende zaidi ni subira yake. Maji ya mtaani kwetu huja kwa zamu, na tangi letu la akiba lipo juu kidogo tu ya bafu, kwa hiyo maji hushuka taratibu. Taima ya zamani ya kuzungusha kwa mkono ilisimama pale pale hadi maji yafike kiwango chake, hata kama ni baada ya nusu saa, ndipo ikaendelea na kazi. Mashine zetu mbili mpya huhesabu dakika. Maji yakichelewa, huandika alama ya kosa kwenye kioo, huacha kufua, na nguo hubaki zimelowana hadi mtu arudi kuziangalia. Umeme nao ni hivyo hivyo. Unguja ilipokaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Miele ilisimama miezi mitatu pembeni ya bafu, na umeme uliporudi tulizungusha kitasa, ikaanza kufua kama iliyoachwa jana. Mashine ya mwaka 2017 iliunguza bodi yake ya umeme katika mwaka wa kwanza, siku umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika, na tangu hapo hatukuthubutu kuiwasha bila stebilaiza.

Bodi, hata hivyo, hubadilishwa. Kilichoziua mashine zote mbili ni tangi. Siku hizi tangi la nje ni la plastiki, limetengenezwa kwa vipande viwili, na katika mashine nyingi vipande hivyo huunganishwa kwa joto kiwandani badala ya kufungwa kwa skrubu. Beringi zimo ndani ya plastiki hiyo. Mpira wa kuzuia maji unapolika, maji hupenya, mafuta ya beringi huoshwa, kutu huingia, na mashine huanza kunguruma inapokamua. Beringi zenyewe ni za kawaida kabisa, mara nyingi za namba 6205 na 6206, zinazouzwa katika maduka ya spea kwa bei ndogo. Fundi wetu wa Mwanakwerekwe aliligeuza tangi mbele yangu, akapitisha kidole juu ya mshono wake mzima, akaniambia: “Dada, pa kufungulia hapana.” Tangi zima pamoja na pipa lake la ndani lilikuwa karibu theluthi mbili ya bei ya mashine mpya, na lingeagizwa kutoka nje. Kwa ridhaa yangu alilikata kwa msumeno wa chuma, akabadilisha beringi, akalifunga tena kwa silikoni na bolti alizozitobolea mwenyewe. Lilidumu miezi saba. Ninamshukuru kwa ustadi wake, na ninasikitika kwamba fundi mzuri kama yeye analazimika kupasua kitu ili akitengeneze.

Maji yetu yanazidisha tatizo. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya chokaa, kwa hiyo maji ya visima yana chokaa nyingi, na kwengine yana chumvi. Kile chuma chenye matawi matatu kinacholishika pipa mara nyingi huwa cha alumini, na alumini ikigusana na chuma kisichoshika kutu ndani ya maji ya sabuni na chumvi, huliwa pole pole. Cha mashine ya mwaka 2021 kilitoka na mashimo kama jiwe la matumbawe.

Umoja wa Ulaya umeliona tatizo hili. Kwa mashine zinazouzwa huko, tangu Machi 2021 kanuni zinawataka watengenezaji wahakikishe spea zinapatikana kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni. Lakini kanuni hizo zinaruhusu beringi ziuzwe pamoja na pipa kama kitu kimoja, na hapo ndipo nafuu yote inapopotea kwa mwenye kipato cha kawaida. Sisi wa huku hazituhusu hata hivyo.

Ni haki nizitendee insafu mashine mpya. Zinafua kwa utulivu, na hutumia kiasi cha lita 50 pale ambapo nyingi za zamani zilitumia 100 au zaidi, jambo ambalo si dogo kwa anayeamka usiku kukinga maji. Zinakamua kwa mizunguko 1200 hadi 1400 kwa dakika, na wakati wa masika shuka zinazotoka karibu kavu ni neema. Kwa kanzu nyeupe za Ijumaa sikuona tofauti yoyote kati ya mpya na kuukuu.

Kwa nyumba isiyo na pampu ya maji ningeshauri mashine ya mapipa mawili, moja la kufua na moja la kukamua. Inajazwa hata kwa ndoo na haina bodi ya kuungua, ingawa inataka mtu wa kusimama nayo. Anayetaka ya mlango wa mbele asitazame kioo na taa tu. Amwombe muuzaji afungue kifuniko cha nyuma, aangalie ukingo wa tangi kama una skrubu, kisha alinyanyue pipa kwa mkono na kulizungusha taratibu. Pipa likicheza au likikwaruza, beringi zimeshakwisha.

Katika maduka mawili ya Mlandege walinikatalia kufungua. La tatu, linalouza vitu vilivyotumika, mwenye duka alileta bisibisi mwenyewe. Mashine niliyoinunua kwake ni ya zamani, ina kutu kidogo kwenye pembe ya chini, na tangi lake lina skrubu pande zote. Nilizihesabu zote kabla ya kulipa, na namba za beringi zake nimeziandika nyuma ya risiti.