Ofisi iliyotuchorea nyumba kando ya Ziwa Kivu, Goma: tathmini ya mteja

Ofisi ya usanifu majengo iliyotuchorea nyumba magharibi mwa Goma inastahili sifa kwa jambo moja kubwa: iliusoma mwamba kwanza, ndipo ikachora. Msanifu alipima kila mwinuko na kila bonde la lava iliyoganda, akatuonyesha mahali mazuku hujikusanya. Ni hewa ya ukaa itokayo ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo hutuama mabondeni usiku na alfajiri upepo unapotulia, ikaua watu na mifugo bila harufu ya kuwaonya. Mke wangu alitamani baraza ya chini, karibu na maji. Msanifu alikataa kwa adabu lakini bila kuyumba, akaiweka nyumba yote juu ya mgongo wa mwamba, na bonde likaachiwa majani yake, bila kiti wala njia ya watoto.

Uzuri wa nyumba umetokana na uamuzi huo. Sakafu zinashuka ngazi kwa ngazi zikifuata mwamba, ambao haukuvunjwa ila pale msingi ulipohitaji kukaa. Kuta ni za mawe meusi ya volkano yaliyochongwa na mafundi wa hapa hapa, bila plasta. Mabati yamepakwa rangi ya kijivu iliyokolea, hata aliye mtumbwini haioni nyumba mpaka akaribie. Ziwa liko kusini mwetu, na kwa kuwa ikweta haiko mbali, paa lililotokeza vizuri linatosha kuyakinga madirisha mapana ya upande huo, ilhali magharibi, linakoingilia jua kali la alasiri, kuna matundu madogo tu. Natamani wanaojenga kuta ndefu nyeupe hadi ukingoni mwa maji waje waione.

Kasoro ipo, nayo si ndogo. Mchoro wa kwanza uliliweka shimo la maji machafu upande wa ziwani, ingawa lava imejaa nyufa zinazopitisha maji upesi, na ziwa hilo ndilo wakazi wengi wa Goma huchota maji. Tulidai lihamishiwe nyuma ya nyumba na kujengewa zege lisilovuja. Ofisi ilikubali, ila ikatutoza ada ya mchoro mpya, jambo ambalo sikuliona kuwa la haki. Malipo mengine yalifuata mkataba. Atakayewapa kazi adai mchoro wa maji machafu pamoja na ule wa vyumba, kabla hajatia saini.