Vichwa vya risasi vyenye koti kwenye rivolva ya zamani: uzoefu wangu

Rivolva yangu ni Smith & Wesson ya aina ya Military & Police, kaliba .38 Special, iliyotengenezwa kabla ya 1957, yaani kabla kampuni haijaanza kuiita Model 10. Naishi Pennsylvania, Marekani, na maganda yangu ya risasi nayajaza baruti na vichwa mwenyewe nyumbani. Kwa muda mrefu nilitumia vichwa vya madini ya risasi vilivyopakwa nta. Moshi wake ulikuwa kero tupu, hasa kwenye ukumbi wa ndani wa kulengea shabaha, na kusugua mtutu baada ya hapo ilikuwa kazi ya jioni nzima.

Sasa natumia vichwa vya greni 158 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) vyenye koti la Hi-Tek, polima iliyobuniwa Australia. Kichwa hupakwa, kikaokwa kwenye tanuri mpaka koti likakamaa. Moshi umepungua mno, vidole havinati nta, na kitambaa kikipita ndani ya mtutu kinatoka na masizi ya baruti tu. Kwa hilo pekee naviunga mkono kwa moyo wote.

Ila koti haliponyi kipimo kibaya, na hapa ndipo wengi wanapoumia na silaha za zamani. Kinachotawala ni koo la silinda, pale kichwa kinapopita kabla ya kuingia kwenye mtutu. Toa maganda yote, hakikisha silaha ni tupu, kisha weka kichwa kwenye kila koo kutoka mbele. Kikipita kwa kusukumwa kidogo na kidole, umepata. Kikidondoka chenyewe, gesi ya moto itapenya pembeni na kuunguza risasi, koti au bila koti. Kikigoma, koo litakiminya kabla hakijafika kwenye mtutu. Kwangu inchi 0.358 imekaa vizuri, lakini rivolva mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana, kwa hiyo pima yako.

Pia usikimbilie vichwa vigumu kwa kudhani ugumu ndio ubora. Mzigo wa kawaida wa .38 Special, yaani baruti na kichwa kwa pamoja, hukirusha kichwa takribani futi 750 kwa sekunde, na kwa mwendo huo risasi laini kiasi hutanuka na kuziba mtutu vizuri zaidi. Kikomo cha shinikizo ni psi 17,000 (pauni kwa inchi ya mraba). Mizigo ya +P, yaani ile ya shinikizo la juu, hufika 20,000, nami siipi kabisa chuma cha umri huu. Kiasi cha baruti nakichukua kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, ukurasa wa vichwa vya madini ya risasi pekee, nikianzia kiwango cha chini.

Kwenye presi, mashine ya kujazia maganda, panua mdomo wa ganda zaidi kidogo kuliko ulivyozoea. Mdomo mkali hulikwangua koti kama kisu kinavyomenya embe, na palipokwanguliwa ndipo risasi inapoanza kuganda kwenye mtutu. Kubana mdomo nako kuwe kwa kiasi. Ng'oa kichwa kimoja ulichokibana ukitazame: alama iwepo, ila koti lisikatike. Vile vifaa vya kubania vyenye pete ngumu inayosawazisha ganda zima sivipendi kwa kazi hii, maana huweza kupunguza unene wa kichwa kilichomo ndani, na kipimo chote ulichokihangaikia kikapotea.

Greni 158 sikuzichagua kwa mazoea. Rivolva hizi zina vilengeo visivyorekebishika, vilivyopangwa kwa uzito huo. Vichwa vya greni 125 kwangu vinapiga chini.

Na jamani, koti lisikupe kiburi cha afya. Fataki nyingi, zile za kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda, bado zina madini ya risasi ndani yake. Nanawa mikono kwa sabuni, sili mezani pa kazi, na vumbi nalifuta kwa kitambaa chenye maji, silifagii.

Bei imezidi ya vile vya nta, lakini iko chini ya vya shaba. Nitaendelea kuvinunua, vya 0.358 hivi hivi.