Intaneti ya nyumbani Uganda: ipi ulipie, ipi uiache

Mtu anayehamia nyumba mpya Kampala huwauliza majirani kampuni gani ya intaneti ni nzuri. Atapata majibu kumi yanayopingana, maana kampuni inayosifiwa Ntinda ndiyo hiyohiyo inayotukanwa Kyengera. La kuuliza kwanza ni kitu gani kimefika kwenye jengo lako: waya, mnara wa karibu, au hakuna. Jina la kampuni lifuate baadaye.

Orodha hii imepangwa kwa kufuata swali hilo. Nimemfikiria mpangaji wa kawaida: familia, au vijana wanaochangia kodi, wenye simu nne tano, kompyuta moja ya kazi na televisheni moja. Bei hubadilika kila promosheni, kwa hiyo badala ya bei nakupa namna ya kupiga hesabu.

Kabla ya kutoa pesa

Matangazo huuza kasi kwa Mbps (megabiti kwa sekunde), na simu yako huhesabu mafaili kwa MB (megabaiti). Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawa kwa 8. Laini ya Mbps 10, ikiwa kweli inatoa 10, hupakua MB 1.25 kwa sekunde, na faili la GB 1 litachukua kama dakika 13. Kwa familia ndogo hiyo inatosha. Anayekuuzia Mbps 100 kwa ajili ya WhatsApp na YouTube anakuuzia sifa.

Kinachomaliza pesa ni televisheni. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya filamu kwa ubora wa kawaida hula hadi GB 1, kwa HD hadi GB 3, na kwa 4K hadi GB 7. Saa mbili za HD kila jioni ni GB 180 kwa mwezi. Piga hesabu hiyo kwa bei ya bando la simu na utaelewa kwa nini mwenye televisheni hawezi kuishi kwa bando.

Halafu kuna kodi. Ile ya OTT, yaani ya mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018 na kumfanya kila mtu atafute VPN, programu ya kuikwepa, iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data, isipokuwa data ya huduma za afya na elimu. VAT ya asilimia 18 inakaa juu yake. Katika shilingi 10,000 unazolipia data, karibu 2,430 zinakwenda serikalini. Kwa hiyo mtu akikutangazia bei, muulize kama kodi imo ndani. Kampuni za simu huijumlisha, lakini nukuu za makampuni ya faiba (intaneti ya waya wa nyuzi za kioo) wakati mwingine huandikwa bila VAT na mshangao unakuja kwenye ankara.

Ya kwanza: faiba, ikiwa waya umeshafika kwenye jengo

Ikiwa waya upo, usihangaike na kitu kingine. Faiba haijali mvua, haigawani mnara na kila mpita njia, na kasi ya kupakia huwa karibu na ya kupakua kwenye vifurushi vingi, jambo linalomfaa sana anayetuma video au kukaa kwenye mikutano ya Zoom.

Kampala ilipata bahati ya mapema katika hili. Mwaka 2013 Google ilianza kulaza nyaya zake hapa kupitia Project Link, na mwaka 2017 mradi huo ukawa kampuni inayojitegemea, CSquared, yenye wawekezaji wengine kama Mitsui ya Japani na IFC, tawi la Benki ya Dunia. CSquared haikuuzii wewe. Inaukodisha waya kwa watoa huduma, nao ndio wanaokuja mlangoni na fulana zao. Ndiyo maana makampuni mawili yanaweza kukuuzia huduma inayopita katika mtaro uleule wa barabara. Trekta la ujenzi likiukata, yote mawili yanazima pamoja. Anayetaka njia ya akiba asinunue faiba mbili, anunue faiba na laini ya simu.

Majina utakayokutana nayo: Liquid, ya kundi la Econet la Strive Masiyiwa, zamani ikiitwa Infocom hapa Uganda, Roke Telkom, ya Waganda wenyewe, CanalBox, inayolenga nyumba zaidi ya ofisi, na MTN. Sitakupangia nani bora kati yao, kwa kuwa tofauti ya mtaa na mtaa ni kubwa kuliko tofauti ya kampuni na kampuni. Anayejua ni jirani wa ghorofa ileile. Mwulize mambo mawili tu: saa tatu usiku inakwendaje, na ilipokatika mara ya mwisho fundi alikuja baada ya siku ngapi? La pili lina uzito kuliko la kwanza.

Mwenye nyumba ni sehemu ya ununuzi huu. Wapo wanaokataa ukuta utobolewe, na wapo waliokwisha kukubaliana na kampuni moja wala hawataki nyingine. Pata ruhusa yake kwa ujumbe wa maandishi kabla hujalipa ada ya kuunganishwa. Muulize pia mtoa huduma: kile kisanduku cha ukutani na ruta ni mali ya nani, na nikihama nitalipa tena? Mpangaji anayehama kila mwaka akikosa jibu zuri hapo, faiba inageuka ghali.

Ya pili: ruta ya 4G au 5G

Waya haujafika Najjera yako? Hii ndiyo yako, na kwa Waganda wengi wa mijini ndiyo chaguo la kweli. MTN wanaiuza kwa jina la WakaNet, Airtel nao wana ruta zao za nyumbani. Wote wawili waliwasha 5G mwaka 2023, kwanza katika sehemu za Kampala.

Neno la kuchunguza kwenye kifurushi ni "bila kikomo". Kikomo kipo. Ukipita kiasi fulani cha GB kwa mwezi, au kwa siku, kasi inashushwa, na mara nyingine inashuka hadi pale ambapo hata picha ya WhatsApp inazunguka tu. Mwombe muuzaji akuonyeshe kiasi hicho kwa maandishi, na kasi inayobaki baada yake. Akisema "hakuna, boss, tumia tu," mwambie afungue ukurasa wa masharti kwenye simu yake muusome pamoja.

Jaribio la bure: azima laini ya mtandao huo, iweke kwenye simu ya 4G au 5G, kaa mahali ambapo ruta itakaa, upime kasi kati ya saa mbili na saa nne usiku. Asubuhi kila mnara ni mzuri. Mawimbi ya 5G yanayotumika kwa kasi kubwa hayapendi kuta nene wala mabati, kwa hiyo ruta ikae dirishani upande wa mnara. Ukiificha nyuma ya kabati unalipia 5G na kupata 4G.

Ruta za mitumba za Mutaasa Kafeero, jengo la maduka ya vifaa vya simu katikati ya Kampala, ni rahisi, sikatai. Hakikisha tu haijafungwa kwa laini ya kampuni moja, na ijaribu palepale dukani kwa laini yako mwenyewe. Nyingine zimetoka Ulaya au Marekani na hazipokei masafa yote yanayotumika hapa.

Ya tatu: bando lisiloisha muda, na hotispoti

Kwa anayeishi peke yake kwenye muzigo (chumba kidogo cha kupanga) na hana televisheni, nunua Freedom ya MTN au Chillax ya Airtel, washa hotispoti, maisha yanaendelea. Kwa GB moja moja utalipa zaidi kuliko bando la siku, lakini bando la siku huisha muda wake kabla hujalimaliza. Zima tu masasisho ya kompyuta. Windows ikiona hotispoti inadhani ni faiba.

Ya nne: Wi-Fi za mtaani za vocha

Mtu ana waya wake, ameweka antena juu ya paa, anauza vocha za saa au za siku. Kwa mwanafunzi mwenye shilingi elfu moja ni msaada. Kwa kazi hapana: usiku watu wote wa mtaa wako humo, na kesho mwenyewe akikosa kulipa ankara yake nyote mnazima. Benki na Mobile Money zifanyie kwenye data ya simu yako.

Ya mwisho kwa sasa: Starlink

Najua, hii intaneti ya setilaiti ndiyo mliyotaka ianze. Kwa kasi na ucheleweshaji mdogo hakuna setilaiti ya zamani inayoikaribia: vyombo vyake huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, na setilaiti za kawaida ziko karibu kilomita 36,000 juu. Kwa kijiji cha Karamoja kisicho na mnara ingekuwa namba moja katika orodha hii.

Lakini kununua kifaa kisichoruhusiwa ni kununua dishi la kuanikia nguo. Kenya ina huduma hiyo rasmi tangu Julai 2023, ndiyo maana Busia mtu akisimama upande wa Uganda anayaona madishi ya majirani, na kuna watu wanaokwambia watakuvushia moja. Desemba 2025 URA, mamlaka ya mapato, iliagiza vifaa hivyo visiingizwe bila kibali cha Mkuu wa Majeshi, na Januari 1, 2026 vilivyokuwa vimeshaingia vikazimwa na kampuni yenyewe kwa agizo la UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda. Siku UCC watakapotangaza leseni, orodha hii nitaipanga upya. Kabla ya hapo, pesa yako ibaki mfukoni hata muuzaji akikuapia.

Walio nje ya Kampala

Facebook, Airtel na kampuni ya BCS walitangaza mwaka 2017 kwamba wanalaza kilomita 770 za faiba kaskazini magharibi mwa nchi, na watu wa Arua wakadhani waya unakuja nyumbani. Nyaya za namna hiyo hulisha minara kwanza. Faida utaiona kwenye 4G, kwa hiyo Arua au Koboko anza moja kwa moja na chaguo la pili, ukilinganisha mitandao miwili kabla ya kununua ruta.

Wote tunategemea bahari ya wengine. Nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 12, 2024, Uganda ilipunguza mwendo pamoja na Kenya na Tanzania, na mtoa huduma mwenye njia zaidi ya moja ndiye aliyepona mapema. Serikali ilipozima intaneti Januari 2021 wakati wa uchaguzi, njia nyingi hazikumsaidia mtu.

Malipo na umeme

Lipa kwa mwezi. Punguzo la kulipa mwaka mzima linavutia, lakini Vodafone ilifunga hapa mwaka 2018 na Africell ikaondoka Oktoba 2021, na zote zilikuwa na wateja waliozipenda.

Kisha weka akiba ya UPS ndogo ya ruta, yaani betri inayoiwasha umeme ukikatika. Faiba inaweza kuendelea kupita mtaani huku nyumba yako ina giza, na kisanduku pamoja na ruta havili umeme mwingi. Soma nyuma ya kila kimoja kabla ya kwenda dukani: vingi ni volti 12, vingine 9, na UPS yenye tundu moja tu la 12 haitawasha vyote viwili.