Kazi mbili za sanaa, chumba cha udongo New York na miti 7000 ya Kassel, Ujerumani: nimezitembelea zote, haya ndo maoni yangu

Nianze na harufu manake ndo inayokupokea. Unabonyeza kengele mlangoni 141 Wooster Street, SoHo, New York, jengo la kawaida kabisa, unapanda ngazi ghorofa moja, na kabla hujaona kitu pua imeshajua. Udongo uliolowa. Sio maua, sio mbolea, ni ile harufu ya shamba alfajiri baada ya mvua kunyesha usiku kucha, nzito na ya baridi, na hapo nje magari yanapiga honi. Nilisimama kwenye ngazi ya mwisho nikavuta pumzi mara mbili tatu kabla sijaingia, na mpaka leo nikiikumbuka ile kazi pua ndo inakumbuka kwanza, macho yanafuata.

Ukishaingia kuna kioo kifupi kimekuzuia, kinafika magotini, na ng'ambo ya kioo ni udongo. Basi, hakuna kingine. Udongo mweusi wenye ukahawia umejaa sakafu ya ghorofa nzima kutoka ukuta hadi ukuta, kina chake sentimita 56, eneo mita za mraba 335, ukiupima kwa ujazo ni kama mita za ujazo 197 na uzito wake karibu tani 127. Kuta nyeupe, madirisha, mwanga wa mchana, kimya. Kazi inaitwa The New York Earth Room, ya msanii Walter De Maria, mwaka 1977. Alikuwa ameshatengeneza vyumba vya namna hii Ujerumani, Munich 1968 halafu Darmstadt 1974, vyote viwili havipo tena. Hiki cha New York nacho kilipangiwa miezi mitatu tu, kikapitiliza, na tangu 1980 kiko wazi kwa watu wote chini ya taasisi ya sanaa inayoitwa Dia Art Foundation, kuingia bure. Kupiga picha hairuhusiwi na mi naona wamefanya la maana kabisa, maana ukishanyimwa simu unabaki na macho yako na inabidi uangalie kweli.

Mi niliangalia. Dakika tano za kwanza unaona udongo tu, sitakudanganya. Halafu unaanza kuona mistari ya reki inavyokwenda sambamba mpaka mwisho wa chumba, unaona sehemu ya karibu na dirisha imekauka kidogo na imepauka, na ile ya pembeni kwenye kivuli ni nyeusi tititi, bado ina unyevu. Kuna bonge moja dogo la udongo, saizi ya ngumi ya mtoto, lilikuwa limeponyoka reki likakaa juu ya tuta peke yake na kivuli chake kidogo, nikalikodolea macho muda mrefu kuliko nilivyowahi kuangalia mchoro wowote ukutani. Sijui nielezeje. Ardhi tunaikanyaga kila siku lakini haijawahi kuwekwa mbele yangu kwenye usawa wa goti, ndani ya nyumba, mahali ambapo sitakiwi kuikanyaga wala kuigusa wala kuilima, niitazame tu.

Na hapo ndo nikafikia jambo ambalo limenifanya niandike haya yote. Udongo ule ni uleule wa 1977. Ungeachwa wenyewe ungekuwa vumbi lililopasukapasuka, au kinyume chake, ungekuwa kichaka, maana udongo ukipata maji na mwanga hauna adabu ya kukaa bila kuotesha. Kwa hiyo lazima awepo mtu. Unamwagiliwa, unapigwa reki, kikichipua kitu kinang'olewa, na miaka ya nyuma umewahi hata kuota uyoga. Fikiria hiyo kazi ya mikono wiki baada ya wiki kwa zaidi ya miaka 40! Jina kwenye kazi ni la De Maria, amefariki 2013, lakini kinachokufikia puani ukiwa ngazini ni jasho la aliyeshika mpira wa maji juzi. Hiyo ndo sanaa yenyewe kwangu mimi, ule utunzaji, na nikiangalia sanaa yoyote inayosema inahusu mazingira siku hizi swali langu la kwanza ni moja tu: nani anaimwagilia?

Nauliza hivyo kwa sababu nimewahi kuumia. Kuna maonyesho fulani niliyaendea, siyataji, mada yao ilikuwa binadamu na asili, na katikati ya ukumbi walijenga ukuta mzima wa kuvumwani hai (vile vimea vifupi laini vinavyoota penye unyevu), kijani ile ya kung'aa, siku ya ufunguzi watu wamejipanga wanapiga picha na hotuba kibao kuhusu kuiokoa dunia. Nikarudi wiki ya tatu kumuonyesha rafiki yangu. Ukuta umekuwa kahawia, umekauka kama magunia ya zamani, vipande vimedondoka sakafuni na vimekanyagwa, nikagusa kwa kidole ukanipukutikia mkononi. Mhudumu nilipomuuliza akasema hakuna aliyepangiwa kumwagilia. Niliondoka nimenyong'onyea kwa kweli, maana wale mimea walikuwa hai sehemu fulani, wakatolewa huko kuja kutusemea sisi, halafu tukawaua kwa kiu ndani ya jengo lenye mabomba ya maji kila choo.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi kazi lazima idumu. Msanii Agnes Denes mwaka 1982 alipanda shamba la ngano hukohuko New York, ncha ya kusini ya Manhattan, juu ya kifusi, ekari mbili, malori ya udongo yakaletwa, mifereji 285 ikachimbwa kwa mkono, na shamba likatunzwa miezi minne, likapaliliwa, likamwagiliwa, mpaka Agosti wakavuna zaidi ya kilo 450 za ngano. Leo hapo ni Battery Park City, maghorofa. Lilikwisha, lakini lilikwisha kwa kuvunwa, sio kwa kutelekezwa, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Naipenda sana ile kazi ingawa nimeiona kwenye picha tu, ngano ya dhahabu na nyuma yake minara miwili ya World Trade Center, sijui kama kuna picha nyingine ya ardhi na pesa iliyowahi kunigusa hivyo.

Mwaka huohuo 1982 ndo msanii Joseph Beuys alianza yake Kassel, Ujerumani, na hii ndo sehemu ya pili ya maoni yangu na ndo iliyonikaa moyoni zaidi.

Kassel kila baada ya miaka mitano wana maonyesho makubwa ya sanaa, documenta. Beuys alipoalikwa ya saba akaja na wazo la kupanda miti 7000 mjini, kazi akaiita 7000 Eichen, yaani mialoni 7000, na kando ya kila mti jiwe moja la basalti, jiwe gumu la volkano, limesimama, kama mita 1.2 kutoka ardhini. Mawe yote 7000 yakamwagwa kwenye uwanja mbele ya jumba la Fridericianum, rundo kubwa ajabu, na sharti likawa moja: jiwe haliondoki pale mpaka mti upandwe. Yaani mji mzima ulikuwa unaona deni lake kila asubuhi. Ukitaka uwanja wenu uwe safi, pandeni. Watu walilalamika sana, wengine kwa sababu ya nafasi za kupaki magari, na mti mmoja na jiwe lake ulichangiwa mark 500, pesa ya Ujerumani ya wakati ule, kwa hiyo ilibidi hela itafutwe kweli kweli. Beuys akatokea kwenye tangazo la wiski Japani, akayeyusha nakala ya taji la dhahabu la mfalme Ivan wa Urusi hadharani akaifanya sungura na sungura akauzwa, hela zote hizo ziende kwenye miti. Mti wa kwanza aliupanda mwenyewe Machi 16, 1982. Hakuuona wa mwisho, alifariki Januari 1986, na ule wa 7000 ukapandwa na mwanae Juni 1987 ubavuni mwa ule wa kwanza.

Huduma ikoje? Hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna saa ya kufunga, unashuka kwenye treni unaanza kutembea na ndani ya dakika chache umeshaona jiwe la kwanza. Halafu la pili. Halafu huwezi tena kuacha kuyaona. Yako kando ya barabara, kwenye viwanja vya shule, kwenye bustani, pembeni ya vituo vya tramu, mengine yamepangana mstari mrefu mtaa mzima. Miti si yote mialoni ingawa jina linasema hivyo, mialoni ni mingi lakini utakuta platani, utakuta ginkgo. Nilitembea siku mbili nzima. Ushauri wangu, vaa viatu vya kutembelea na usijaribu kuhesabu, chagua mtaa mmoja uende nao polepole.

Kitu ambacho picha haikuambii ni vipimo. Siku mti unapandwa jiwe ndo lilikuwa kubwa, mche mwembamba umesimama pembeni yake kama mtoto pembeni ya mzee. Sasa hivi imegeuka. Mti umepanda juu kupita paa za nyumba na jiwe limebaki vilevile, halijaongezeka hata unywele. Kuna mwaloni mmoja nilisimama nao karibu saa nzima, shina limenenepa mpaka limeligusa jiwe, nikajaribu kupitisha kiganja katikati, vidole vimeingia nusu tu vikakwama. Gome la mti upande ule limevimba limejikunja kama mdomo unaotaka kung'ata, na jiwe limeinama kidogo, mzizi umelinyanyua kwa chini taratibu, miaka na miaka, bila mtu kusikia. Juu ya jiwe kuna mabaka ya kuvu la mawe, ya kijivu na ya njano, na sisimizi walikuwa wanapanda kwenye jiwe wanahamia kwenye gome pale vilipogusana kama vile ni daraja lao la siku zote. Nilihema tu. Hakuna msanii anayeweza kuchonga kitu kile, kinahitaji miaka 40 na mvua.

Na huku nako swali langu lilipata jibu. Miti ya mjini ina maisha magumu, lami imeibana, magari yanaigonga, kiangazi kinazidi kuwa kikali, na kwa hiyo jiji lina watu wa bustani wanaoikagua na kuipogoa na mti ukifa unapandwa mwingine palepale kwenye jiwe lake. Unaijua miti iliyopandwa upya kwa sababu utakuta mche mdogo pembeni ya jiwe la zamani lenye mabaka, yaani mti kijana jiwe kongwe, na mi nilipoona wa kwanza wa namna hiyo nilifurahi kuliko nilipoona ile mikubwa. Maana yake kuna mtu bado yuko kazini.

Ukilinganisha, kule New York mtunzaji anazuia kisiote, Kassel mtunzaji anasaidia kiote. Mwanzoni nilitaka kusema ya Kassel ni nzuri na ya New York ni ukatili kwa udongo, kuunyima mbegu miaka yote hiyo ndani ya chumba, na bado hilo linanisumbua sitaficha. Lakini nikikumbuka ile mistari ya reki siwezi kusema ni ukatili. Mtu hafanyi vile kwa kitu asichokiheshimu. Chumba kile kimenifundisha kuangalia, na nisingekuwa nimekaa na lile bonge la udongo pengine Kassel ningepita nikipiga picha za miti.

Mambo ya kujua kabla hujaenda. Chumba cha udongo miaka ya nyuma kilikuwa kinafungwa miezi ya kiangazi, na kuna mapumziko katikati ya mchana, angalia ratiba yao kwanza usije ukakuta mlango umefungwa. Nenda peke yako au na mtu asiyeongea sana. Kama Kassel ni mbali kwako na uko New York, nenda West 22nd Street pale Chelsea, Dia walipanda mitano na mawe yake ya basalti mwaka 1988 wakaongeza mingine 18 mwaka 1996, watu wanapita nayo wameshika kahawa hawajui wanapita kwenye kazi ya Beuys. Kassel nenda majira ya majani, Mei mpaka Oktoba, na usisubiri mwaka wa documenta, mji ukiwa umetulia ndo unaisikia miti. Chumba nakipa nyota nne, miti naipa tano.

Asubuhi ya kuondoka nilirudi kwenye mwaloni wangu kuuaga. Nikamkuta mzee wa nyumba ya jirani anafagia, mwaloni ulikuwa umeangusha mbegu barabara nzima, zinateleza chini ya viatu. Alizifagia pole pole akazikusanya, sikuona pipa wala mfuko, akazisukumia kwenye shina nyuma ya jiwe, akapiga piga ule ufagio kwenye jiwe kuukung'uta, akaingia ndani.