Santuri za hip hop kwa usajili wa kila mwezi: majina mengi, maprodyuza walewale

Huduma ninayoizungumzia ni ya Marekani. Unalipia mwezi, miezi mitatu au mwaka mzima, na kila mwezi wanakutumia albamu moja ya hip hop waliyoichagua wao, iliyochapwa upya kwa ajili ya wanachama, mara nyingi kwa rangi, pamoja na kijitabu cha maelezo. Jina silitaji, kwa sababu kasoro nilizoziona ni za aina nzima ya biashara hii, na anayefikiria kulipia yoyote anaweza kuipima kwa vipimo hivihivi. Alama yangu ni tatu kwa tano. Sauti na uchapaji peke yake ningevipa nne na nusu. Kilichoishusha ni uteuzi.

Tangazo lao linajivunia kwamba msanii harudiwi ndani ya mwaka. Ni kweli, lakini hapo ndipo mnunuzi anapoingizwa mjini. Chukua The Sun Rises in the East ya Jeru the Damaja (1994), Livin' Proof ya Group Home (1995) na Hard to Earn ya Gang Starr (1994). Majalada matatu, majina matatu, na midundo, yote au karibu yote, ni ya DJ Premier. Au chukua Liquid Swords ya GZA, Only Built 4 Cuban Linx ya Raekwon na Return to the 36 Chambers ya Ol' Dirty Bastard, zote za 1995, zote zimejengwa kwa kiasi kikubwa na RZA. Sisemi ni albamu mbaya; Liquid Swords ningeinunua mara mbili. Lakini ukizipokea tatu za namna hiyo ndani ya nusu mwaka, umelipia sauti moja katika makasha matatu. Kwenye hip hop anayeamua albamu inasikikaje ni mwenye mashine kabla ya mwenye kipaza sauti. Kwa hiyo ukitaka kujua upana wa uteuzi, hesabu maprodyuza.

Zaidi ya nusu ya nilizopokea ni za kati ya 1992 na 1998, na nyingi katika hizo ni za New York. Utetezi wanaoutoa ni kwamba hicho ndicho kipindi cha dhahabu. Haya, tukubali. Lakini hata ndani ya kipindi hicho upana upo tele. Tarehe 29 Septemba 1998, siku moja tu, madukani iliingia Aquemini ya OutKast kutoka Atlanta, Vol. 2 ya Jay-Z, The Love Movement ya A Tribe Called Quest na albamu ya Black Star. Ukizunguka kusini unakutana na The Diary ya Scarface (Houston, 1994), Mystic Stylez ya Three 6 Mafia (Memphis, 1995) na 400 Degreez ya Juvenile (New Orleans, 1998), ambayo midundo yake ni ya Mannie Fresh na haifanani hata chembe na kitu chochote kilichotengenezwa Brooklyn mwaka huo. Magharibi usiishie kwa Dr. Dre: kuna 93 'til Infinity ya Souls of Mischief kutoka Oakland, na Bizarre Ride II the Pharcyde ya 1992. Katikati ya nchi kuna Resurrection ya Common (Chicago, 1994) na Fantastic, Vol. 2 ya Slum Village (Detroit, 2000). Mteuzi mwenye masikio angeweza kukaa ndani ya kipindi hicho, akiongeza miaka miwili tu, na bado asikuchoshe.

Wanawake ndio walioachwa nyuma kuliko wote. Mwaka mzima unaweza kuisha na jina moja tu, na kwa kawaida ni lile ambalo kila mtu analo. Visingizio havipo: Lyte as a Rock ya MC Lyte ni ya 1988, All Hail the Queen ya Queen Latifah ni ya 1989, Make Way for the Motherlode ya Yo-Yo ni ya 1991, Kollage ya Bahamadia ni ya 1996, Enquiring Minds ya Gangsta Boo ni ya 1998, na Laila's Wisdom ya Rapsody ni ya 2017. Hizo sita zina miji tofauti, lebo tofauti na midundo tofauti. Nusu mwaka wa usajili umejaa, tena mzuri kuliko nusu yoyote waliyonitumia.

Kuna mashimo mawili mengine ambayo sababu zake ni za haki, na si vizuri kumlaumu mteuzi kwa kila kitu. La kwanza ni mwanzo wenyewe. Kuanzia Rapper's Delight ya 1979 hadi Planet Rock na The Message za 1982, kipimo cha hip hop hakikuwa albamu. Kilikuwa santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja mrefu. Huduma inayotuma albamu tu haiwezi kuzifikia enzi hizo ila kwa mkusanyiko. La pili ni kanda za mtaani za miaka ya 2000, zile mixtape. Da Drought 3 ya Lil Wayne (2007) imechanwa juu ya midundo ya watu wengine bila leseni. Hakuna kampuni ya heshima itakayoichapa. Hata Acid Rap ya Chance the Rapper (2013) ilipopandishwa rasmi kwenye majukwaa ya kusikilizia mwaka 2019, wimbo Juice haukuwemo kwa sababu ya sampuli yake, yaani kipande cha rekodi ya mtu mwingine kilichotumiwa ndani yake.

Sampuli ndiyo mama wa matatizo yote ya uteuzi. Mwaka 1991 mahakama ya New York ilitoa hukumu dhidi ya rapa Biz Markie kwa kutumia kipande cha wimbo wa mwimbaji Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na tangu hapo kila kipande kinatakiwa kilipiwe. Albamu zilizotangulia hukumu hiyo zilijengwa kwa vipande vingi mno, na mikataba ya zamani mingi haikutaja matumizi ya baadaye. Ndiyo maana albamu za mwanzo za De La Soul, ikiwamo 3 Feet High and Rising ya 1989, zilikosekana kwenye majukwaa ya kusikilizia hadi Machi 2023. Mteuzi akitaka albamu ya namna hiyo, hana budi kupata kibali cha mwenye rekodi mama (rekodi ya asili ya studio), na mwenye rekodi mama naye lazima awe na amani na wenye sampuli. Njia rahisi ni kurudi kwenye makabati ya makampuni makubwa matatu, Universal, Sony na Warner, na kuchukua zile ambazo karatasi zake zimeshanyooka. Kwa kawaida hizo ni albamu zilizouza sana, na zilizouza sana ndizo unazoweza kuzipata tayari kwenye duka lolote.

Na hapo ndipo ninapokuwa mkali. Usajili una maana pale unapokuletea kitu ambacho usingekipata kwa bei ya kawaida. Kipindi ambacho huduma kama hii ingesaidia kweli ni kati ya 2003 na 2012 hivi: CD na faili za kupakua zilikuwa zimeshika soko, santuri zilichapwa chache, na leo nakala za kwanza ni ghali. Lebo huru za wakati huo na kabla kidogo, kama Stones Throw, Rhymesayers na Def Jux, zina albamu nyingi zinazostahili kuchapwa upya. The Cold Vein ya Cannibal Ox (2001) ni mfano mzuri wa kitu ambacho mtu angefurahi kukikuta mlangoni bila kukitarajia. Badala yake unapata toleo jingine la albamu iliyochapwa upya mara kadhaa, safari hii ya rangi ya chungwa.

Mwenye kutafuta Kwanza Unit au Kalamashaka humo asijisumbue. Hip hop ya Kiswahili ilikulia kwenye kaseti na CD, na santuri haikuwa njia yake. Kifaransa nacho hukioni, ingawa L'école du micro d'argent ya IAM kutoka Marseille (1997) ingesimama vizuri kando ya chochote cha New York. Neno hip hop kwenye tangazo lao lisomeke hip hop ya Marekani.

Kabla hujatoa pesa, pima hivi. Fungua orodha ya albamu walizotuma huko nyuma. Huduma nyingi huiweka wazi. Chukua za miezi 24 ya mwisho uziandike kwenye jedwali lenye mwaka, mji, prodyuza mkuu, lebo, idadi ya sahani (diski zilizomo kwenye kasha), na mara ya mwisho albamu hiyo kuchapwa kwenye santuri. Safu ya mwisho ndiyo yenye kazi: tafuta albamu kwenye Discogs, tovuti inayoorodhesha rekodi, fungua ukurasa unaokusanya matoleo yote, upange kwa mwaka. Ukiona toleo la ndani ya miaka mitano iliyopita ambalo bado linauzwa kwa bei ya kawaida, weka alama ya msalaba. Mimi napita zangu kama misalaba inazidi nusu, au kama prodyuza mmoja ametokea zaidi ya mara tatu. Usidanganywe na safu ya wasanii. Hiyo karibu kila mara itaonekana nzuri.

Idadi ya sahani ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa pesa na kwa masikio. Illmatic ya Nas ina dakika 40 hivi, inakaa kwenye sahani moja bila taabu. Enzi ya CD wasanii walijaza nafasi yote waliyopewa: All Eyez on Me ya 2Pac kwenye santuri ni sahani nne. Besi nzito inataka mfereji (ule mstari sindano inamopita) mpana, na mfereji mpana unakula nafasi, hivyo ukipita kama dakika 22 kwa upande fundi analazimika kushusha sauti au kukata besi. Huduma inayobana dakika 60 kwenye sahani moja ili kuokoa gharama inakuuzia jalada. Angalia pia wimbo wa mwisho wa kila upande. Kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, sindano ukingoni inapita kama sentimita 50 za mfereji kwa sekunde. Karibu na kibandiko cha katikati ni kama 21 tu. Herufi za "s" na matoazi ya hi-hat huanza kukwaruza hapo, na kwenye muziki wa maneno mengi utalisikia jambo hilo mapema kuliko kwenye jazi.

Kwa upande huo huduma hii inajitahidi: albamu ndefu walizigawa kwenye sahani mbili bila ubahili, na mifuko ya ndani ina utando laini badala ya karatasi kavu inayochuna. Sahani za rangi moja zilikuwa kimya sawa na nyeusi. Zile za madoadoa zilikuwa na mchakacho mdogo kwenye nafasi kati ya nyimbo. Uzito wa gramu 180 wanaoutangaza haubadilishi sauti peke yake, usiulipie ziada. Vivyo hivyo maneno ya kwamba kila hatua ni ya analogi: sehemu kubwa ya midundo ya enzi hiyo ilipita kwenye SP-1200, mashine ya dijitali ya biti 12, na ukavu wake ndio utamu wenyewe.

Sahani ikifika, iweke kwenye pleya, inama hadi jicho lako liwe sawa na ukingo, uizungushe. Ikipanda na kushuka mpaka mkono wa sindano uyumbe, imepinda. Mkono ukienda kushoto na kulia, tundu halipo katikati, na noti ndefu za piano zitasikika zikilegea. Sauti ya kitambaa kikichanwa, upande mmoja wa spika, ina maana plastiki haikujaza mfereji vizuri kiwandani; kuosha hakutasaidia. Piga picha na video siku ileile, maana muda wa kudai mbadala ni mfupi.

Kwa aliye Dar es Salaam au Nairobi, albamu ya sahani mbili pamoja na kasha ni karibu kilo moja, na ushuru huhesabiwa juu ya bei ya bidhaa pamoja na nauli. Ukisafirisha moja kila mwezi, nauli itakula usajili. Waombe wakuwekee ghalani na kutuma tatu kwa mkupuo, kama wanaruhusu.

Uokozi wa usajili huu ni dirisha la kubadilisha: albamu ya mwezi ikitangazwa, kwa siku chache unaweza kuikataa na kuchagua nyingine kutoka ghala lao. Ghala ndilo lenye upana ambao uteuzi wa mwezi hauna. Memphis na Detroit nilizipata humo. Nzuri huisha saa za mwanzo, kwa hiyo ingia dirisha likifunguka, si siku ya mwisho. Na lipia miezi mitatu mitatu badala ya mwaka. Mwaka una punguzo, lakini unalipia albamu kumi na mbili wakati wao wameshatangaza moja.