Vulcan au Ketjenblack: kaboni ipi ibebe platini?

Katika seli ya fueli ya hidrojeni, chembe za platini, zinazochochea mmenyuko wa kuzalisha umeme, hushikiliwa na unga wa kaboni. Gramu moja ya Vulcan XC-72 ina eneo la mita za mraba 250 hivi. Ketjenblack EC-300J hufikia 800, kwani imejaa vitundu. Platini iliyojificha humo haiguswi na ayonoma, ile polima inayopitisha protoni lakini huifubaza platini ikiigusa. Mkondo wa umeme ukiwa mdogo, Ketjenblack inashinda waziwazi. Ukipanda, oksijeni hukwama kwenye vitundu vyembamba, na Vulcan, yenye platini yake nje, hutangulia. Tena haioksidishwi haraka mtambo unapowashwa na kuzimwa. Mimi ningetafuta kaboni ya tatu, yenye vitundu vya nanomita 4 hadi 7: vipana kiasi cha kupitisha oksijeni, vyembamba kiasi cha kuizuia ayonoma.